Chakula hai cha ndama, na sumu zake

Meatu, mkoani Simiyu, inalima pamba hai tangu miaka ya 1990, na watu wa huku wanaijua kazi yake: hakuna mbolea za viwandani, hakuna viuatilifu vya dukani, na alizeti hupandwa katikati ya pamba ili funza wa vitumba wapate pa kukimbilia. Kisichosemwa sana ni kwamba mbegu ya pamba hiyo ina gosipoli ile ile iliyomo katika pamba iliyopuliziwa dawa msimu mzima. Gosipoli ni sumu ambayo mmea wenyewe huitengeneza ili wadudu wasiutafune. Ng'ombe mkubwa anaimudu kwa kiasi, maana tumbo lake la kwanza huifunga kabla haijapenya kwenye damu. Ndama wa wiki sita hana tumbo hilo bado. Ukimpa mashudu ya pamba, yaani mabaki ya mbegu iliyokamuliwa mafuta, kila siku utamwona anapungua hamu ya kula, anahema kwa shida, moyo wake unachoka polepole, na siku moja unamkuta amekufa bila dalili ya ugonjwa unaoufahamu.

Naanza na hili kwa kuwa wengi wanaoniuliza habari za kulisha ndama kiasili huja na imani moja, kwamba kisichotoka kiwandani hakidhuru. Miaka yangu ya kufuga inaniambia vingine. Chakula hai kinamtaka mfugaji ajue kila mmea umebeba nini, na umebeba nini mwezi gani. Asiyetaka kujisumbua na hayo ni heri anunue chakula cha mfuko chenye lebo, atakuwa amewatendea haki ndama wake.

Tunafuga ng'ombe wa nyama, mimi, mume wangu na mama mkwe. Kwa vipimo vya Usukuma kundi letu ni dogo. Kuna majirani wakifungulia zizi asubuhi barabara inafunga. Wengi wa ng'ombe wetu ni zebu wa kawaida, wachache wana damu ya Boran. Pamba yetu ina cheti kupitia kikundi, ng'ombe hawana. Hata hivyo nimejiwekea kufuata kanuni za kiwango cha Afrika Mashariki cha kilimo hai, EAS 456 kilichopitishwa mwaka 2007, ndicho kinachosimama nyuma ya alama ya Kilimohai. Kwa upande wa chakula cha wanyama wanaocheua, makatazo yake makubwa yanaeleweka haraka: usiwape urea, usiwape vichocheo vya kukuza, usiwape mabaki ya machinjioni, usiwape mashudu yaliyokamuliwa mafuta kwa kemikali, usiwape kinyesi cha mnyama yeyote.

Hilo la kinyesi huwashangaza wasiofuga. Wanaonenepesha ng'ombe hawashangai. Mbolea ya kuku wa nyama, ikikaushwa na kuchanganywa na pumba na molasi, inanenepesha kweli, kwa kuwa ina naitrojeni nyingi na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinaigeuza kuwa protini. Jirani yangu mmoja anawalisha hivyo na ng'ombe wake wananawiri, sina cha kumbishia hapo. Ninachomwambia ni kwamba mbolea hiyo inakuja na mabaki ya dawa walizopewa kuku, na kama kuna kifaranga aliyekufa akachanganyika humo, inaweza kuja na botulizimu, ambayo hulegeza miguu ya ng'ombe hadi anashindwa kusimama. Yeye hunijibu kwamba bado haijamtokea.

Urea nayo ina watetezi wake, tena wenye hoja. Mabua ya mahindi yaliyolowekwa na urea yanalika vizuri kuliko makavu, na maofisa mifugo wamefundisha njia hiyo kwa miaka mingi. Lakini ukishaiondoa urea na ukaiondoa mbolea ya kuku, unabaki na swali moja tu: protini ya ndama itatoka wapi? Jibu ni mikunde na mashudu ya alizeti. Na mikunde haiji kwa kwenda dukani siku unapoihitaji. Inapandwa msimu uliotangulia, kabla ndama mwenyewe hajazaliwa.

Kabla ya yote hayo lakini kuna maziwa, na maziwa ndiyo yaliyonipa shida kubwa nyumbani kuliko porini. Dang'a, maziwa ya kwanza ng'ombe akishazaa, halina mjadala, kila mfugaji wa huku anajua ndama anyonye mapema. Nilichoongeza mimi ni haraka: ndani ya saa 6 za kwanza, na asipoweza kusimama namkamulia mama yake nikamnyweshe. Utumbo wa ndama hupokea kinga kutoka kwenye dang'a kwa muda mfupi sana. Baada ya siku moja mlango huo umeshafungwa, hata ukimjaza tumbo. Shida inakuja baadaye. Ng'ombe wa zebu hana maziwa mengi, na kwa desturi maziwa hayo ni ya nyumba kwanza, ndama anapata yanayobaki. Kwa ng'ombe wa nyama hesabu hiyo inaumiza, maana kilo anazozikosa ndama katika miezi mitatu ya mwanzo huwa ngumu sana kuzifidia baadaye.

Nilipomweleza mama mkwe kwamba tupunguze kukamua, alicheka kwanza.

"Mayu, na wajukuu zangu wanywe nini? Majani?"

"Hapana mama. Tukamue asubuhi tu, chuchu mbili. Mbili tumwachie ndama, na jioni tusiguse kabisa."

"Na mgeni akija?"

Hilo la mgeni sikuwa na jibu lake, na mpaka leo mgeni akija utaratibu unavunjika, siku hiyo ndama anavumilia. Siku nyingine zote mama mkwe ndiye mlinzi wa chuchu mbili kuliko hata mimi. Kilichomgeuza ni tepe. Tunapima kifua cha ndama nyuma kidogo ya miguu ya mbele, tepe inakupa makadirio ya uzito upande wa pili. Ndama wa zebu huzaliwa na kilo 20 hivi. Mama mkwe hasomi tarakimu za tepe, aliweka fundo kwenye kamba yake mwenyewe, fundo kwa kila mwezi mwandamo. Mafundo ya ndama walioachiwa maziwa yalikuwa yamepishana mbali na ya ndama wa dada yake ng'ambo ya mto. Hakusema kitu, ila jioni alianza kunikemea mimi nikichelewa kuwakutanisha ndama na mama zao.

Maziwa peke yake nayo hayatoshi. Ndama anapozaliwa, tumbo la kwanza ni dogo na halifanyi kazi; akinyonya, maziwa yanapita kwenye mkunjo maalumu hadi tumbo la nne moja kwa moja. Ili tumbo la kwanza liamke inabidi kitu kikavu kiingie humo na kichachuke. Majani yanalitanua, lakini kinachootesha vile vinyama vya ndani vinavyonyonya lishe ni asidi zinazotokana na nafaka. Ukienda buchani ukaangalia sehemu wanayoiita taulo utaelewa ninachosema: zile nywelenywele ndizo kazi ya nafaka na majani, hazipo kwa ndama anayekunywa maziwa tu. Kwa hiyo kuanzia wiki ya pili au ya tatu nawawekea chakula kidogo kwenye kibanda ambacho mlango wake ndama anapita na mama yake hapiti. Mtama mweupe uliobarazwa, siyo uliosagwa. Unga laini unawaziba pua, wanapiga chafya na kuondoka. Mashudu ya alizeti kidogo, chumvi punje chache. Mwanzoni hawali. Unachukua kiganja, ndama akimaliza kunyonya na mdomo bado una povu la maziwa, unampaka ulimini. Anatafuna kwa kushangaa, anatoa ulimi, anaulamba tena. Wanne watano wakizoea, wengine wanaigana.

Mtama mwekundu tunauacha kwa ajili ya watu wa pombe. Una tanini inayofunga protini, ndege wanauchukia na ndama hanufaiki nao sana.

Mashudu ya alizeti ndiyo yaliyochukua nafasi ya mashudu ya pamba kwetu, na hapo pana kichekesho. Nyuzi za pamba hai zinatenganishwa kwa uangalifu kutoka ghalani mpaka kiwandani, kwa kuwa kuna mnunuzi wa nje anayelipia utofauti huo. Mbegu haina mnunuzi wa aina hiyo. Kwenye kiwanda cha mafuta nilichokuwa nanunua, mbegu za kila mtu zinaingia mashine moja. Nilimuuliza msimamizi kama naweza kupata mashudu ya pamba hai peke yake.

"Mama, mashudu ni mashudu," akanijibu, akaendelea kuhesabu magunia.

Nikarudi kwenye ile alizeti yetu ya katikati ya pamba. Ipo shambani tayari, imelimwa bila dawa, na mashine ya kukamua ipo kijijini, ya kusukuma tu, haina kemikali. Tunapeleka mbegu, mafuta yanabaki jikoni, mashudu yanakwenda kwa ndama. Robo hivi ya mashudu hayo ni protini, japo maganda ni mengi na ndama mdogo sana hapaswi kushibishwa nayo. Mashine hizi ndogo pia huacha mafuta mengi ndani ya mashudu. Kwa joto la huku, baada ya wiki kadhaa yanachacha, unasikia harufu ya rangi ya mafuta, na ndama wanayagomea. Tunakamua kidogo kidogo. Mwenye mashine ananiona msumbufu, kila mara na debe mbili tatu, lakini amezoea.

Sasa nirudi kwenye sumu. Kinachonitia hofu kuliko vyote ni ukungu wa kwenye pumba. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo redio na maofisa wamesema sana kuhusu mahindi ya kula. Kuhusu pumba hawakusema sana. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda la nje na kwenye kiini cha mbegu, na hivyo ndivyo vinavyotolewa mahindi yakikobolewa. Sembe inayobaki inakuwa salama zaidi kwa mtu, na kilichoondolewa kinamfikia ndama, ambaye ini lake ni changa. Dozi ndogo ya kila siku haimuui. Inamdumaza: manyoya yanasimama, tumbo linakuwa kubwa, mbavu zinaonekana, na mwenye ng'ombe anampa dawa za minyoo mara tatu bila mafanikio.

Nanunua pumba Juni na Julai, wakati mahindi mapya yamekauka, moja kwa moja kwenye mashine ninayoijua inakoboa mahindi ya nani. Gunia nalifungua mwenyewe. Mkono unaingia mpaka kiwikoni: pakiwa na joto ndani, sichukui. Pumba nzuri ikibanwa kiganjani inasambaa ukikunjua vidole. Ikishikana donge, ina unyevu. Harufu yake iwe ya unga, isiwe ya ghala lililofungwa. Hata ikifaulu yote hayo, naiweka juu ya chanja, mbali na ukuta, na sijiridhishi kupita kiasi, maana sumukuvu haina rangi na kuna pumba safi kwa macho ambayo si safi. Kinga iliyobaki ni kutomlisha ndama pumba nyingi. Kwetu pumba haivuki theluthi ya kile chakula cha kibandani, hata mwaka ambao bei yake imeshuka na kila mtu anaishindilia.

Lusina ni habari nyingine. Mti huu ulisambazwa sana vijijini kwetu, unaota mpaka pembeni mwa choo, majani yake yana protini kama ya mikunde bora na ndama wanayapenda kupita kiasi. Lakini yana sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe akila lusina tupu kwa wiki kadhaa, manyoya ya mkia yanaanza kudondoka, mate yanamtoka, shingoni unaota uvimbe wa rovu, na mtamba anaweza kuharibu mimba. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii wanaila bila kudhurika, na ikaja kugundulika ni kwa sababu ya bakteria waishio matumboni mwao. Bakteria huyo leo anaitwa Synergistes jonesii kwa heshima yake. Sisi hatuna uhakika ng'ombe wetu wanaye au hawanaye, kwa hiyo tunafuata kanuni ya wazee wa ugani: lusina isizidi theluthi ya chakula cha siku, iliyobaki iwe nyasi. Nakata matawi jioni, nayaacha yanyauke usiku kucha, asubuhi natandaza majani kidogo juu ya hei, yaani nyasi zilizokaushwa. Ukiwafungulia ndama waingie wenyewe kwenye uzio wa lusina, theluthi yako imekwisha hapo hapo.

Ya mtama siyo lazima niwaambie Wasukuma. Mtoto yeyote anayechunga anajua kutopitisha ng'ombe kwenye machipukizi ya mtama uliokatwa au uliodumaa kwa jua halafu ukapata mvua. Ile ni sianidi, na inaua ng'ombe akiwa bado ana majani mdomoni. Lakini kuna vijana waliosoma kwenye simu kwamba mtama ni malisho bora, wakapanda, wakaukata ungali unafika magotini. Mtama wa malisho usubiriwe uvuke kiuno, au ukaushwe vizuri uwe hei.

Tarehe ndizo zinazobeba hesabu yote. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa na siku chache. Dume wetu tunamwingiza kundini Februari na Machi, ndama wanazaliwa Novemba na Desemba, mvua zikiwa zimeanza. Mama anapata majani mabichi wakati anaponyonyesha, na hilo ni zuri. Ubaya ni kwamba ndama huyo anafikisha miezi saba au minane Juni na Julai, umri wa kumwachisha, na hapo ndipo nyasi za mbugani zinageuka nyaya. Ndama anayeachishwa Julai bila kitu cha kumpokea atapoteza hadi Novemba kilo zote alizozipata kwa maziwa ya mama yake, na utakuwa umeziacha chuchu mbili bure.

Wazee walilijua hili, ndiyo maana ya ngitili. Ni eneo linalofungwa mvua zikianza, hakuna mnyama anayeingia, nyasi zinakua na kukaukia hapo hapo zikisimama. Kiangazi kikikaza linafunguliwa kwa sehemu, na hawaingii wote: wanatangulia ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Ngitili nyingi zilikufa miti ilipofyekwa ili kufukuza mbung'o na baadaye kwa ajili ya pamba, na mradi wa serikali wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986 katika mkoa wa Shinyanga, wakati huo Meatu ikiwa ndani yake, ulizifufua kwa kuwarudishia wenyewe haki ya kuzifunga. Ya kwetu ilifungwa na baba mkwe enzi hizo. Ina migunga iliyozeeka ndani, na kiangazi inaangusha maganda ambayo ndama wanayaokota mmoja mmoja. Mbegu za ndani ni ngumu, zinatoka na kinyesi zikiwa nzima. Ukiyatwanga maganda kwenye kinu kabla ya kuwapa, protini ya mbegu inabaki kwa ndama.

Nyasi zilizosimama hadi Agosti hata hivyo zina shibe tu, nguvu hazina. Kinachozipa maana ni majani ya mikunde juu yake. Tunapanda fiwi, ambazo watu wa Arusha wanaziita ngwara, ndani ya mtama, wiki chache baada ya mtama kuota ili zisiupande na kuuangusha. Mtama ukishavunwa fiwi bado ni za kijani, mizizi yake inafika mbali. Tunazikata zikianza maua na kuzianika kivulini, kwani juani majani yanapukutika na unabaki na fito. Zikikauka tunazishindilia kwenye kisanduku cha mbao chenye kamba mbili chini, marobota yanatoka sawasawa na unaweza kuyahesabu ujue yatakufikisha mwezi gani. Majani ya viazi vitamu nayo, wakati akina mama wanapovuna Mei na Juni kwa ajili ya michembe, viazi vya kukata na kukausha, yanatupwa pembeni kwa malundo. Tunayakusanya yote, tunayanyausha nusu siku. Sijaona chakula kinacholiwa na ndama aliyeachishwa kwa pupa kama hicho. Makapi ya dengu na choroko yanafuata, siyo matamu sana lakini yapo kila nyumba na kwa kawaida yanachomwa moto.

Udongo wetu mweusi una upungufu wa fosforasi, utaona ng'ombe wanatafuna mifupa njiani. Wanaotembeza vyakula hai kwenye mikutano hulipita jambo hili. Majani yaliyoota kwenye udongo usio na kitu hayawezi kuwa nacho. Jiwe la madini la kulamba linaruhusiwa, na mimi silionei aibu kwa kuwa limetoka dukani.

Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ndiyo iliyonilazimisha kufikiri upya maana ya kufuata kanuni. Chanjo yake ilitengenezwa Muguga, Kenya, na haifanani na chanjo nyingine: ndama anapewa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya kudumu ili ugonjwa usimshinde. Maana yake, kumkinga ndama lazima umpe antibayotiki. Mwenzangu mmoja katika kikundi aliona ni usaliti, akaacha. Mimi nachanja wote wakishapita mwezi mmoja. Kanuni za kilimo hai zenyewe haziruhusu mnyama aachwe ateseke kwa ajili ya kulinda jina. Zinataka uandike ulichotoa na usubiri mara mbili ya muda ulioandikwa kwenye dawa kabla ya kumchinja. Ndama wa mwezi mmoja anayeuzwa akiwa na miaka miwili na zaidi, muda huo umepita siku nyingi. Kumwogesha dhidi ya kupe tunaendelea pia, na daftari lipo.

Mnadani jina la hai halina bei. Mnunuzi anashika shina la mkia, anabonyeza mbavu, anatazama nundu, anataja pesa yake, dalali anaongeza maneno. Hakuna anayeuliza ng'ombe alikula nini. Anayetarajia nyama hai imlipe zaidi mwaka wa kwanza atakata tamaa, labda awe na hoteli au mteja wa mjini aliyekwisha kukubaliana naye. Faida tunayoipata sisi iko kwenye umri. Majirani wanauza maksai wa miaka minne au mitano, wetu wanakwenda hawajafikisha mitatu wakiwa na uzito ule ule, na wale ambao hawakudumaa walipoachishwa ndio wanaotangulia. Kiangazi kimoja pungufu cha kuhangaika na ng'ombe kina thamani yake, hasa Oktoba.

Mwaka huu tunavutana nyumbani. Mimi nataka ekari moja ya pamba igeuzwe fiwi na nyasi za kukata. Mume wangu anasema pamba ndiyo inayolipa ada kwa wakati, ng'ombe unamuuza akipenda mnunuzi siyo ukipenda wewe. Mama mkwe ameamua nusu ekari, upande wa bwawani ambako udongo unashika maji, na palizi niifanye mwenyewe.